Pini Zenye Utepe Mwekundu

Ilizaliwa kufundisha, ndege hii.
Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine,
usukani wa mwanafunzi, usukani wa mwalimu.
Soroti nimeiona ikibwagwa chini kama gunia la mihogo
na vijana wa miaka ishirini,
ikadunda, ikatulia, ikasamehe.

Sasa iko Gulu, nami niko nayo.
Chini ya mabawa wameichongea reli za chuma.
Wakubwa walisema ndege za kasi ni ghali,
zinaupita msitu kabla jicho halijapepesa;
vita hivi vinataka kitu kinachokawia,
kitakachozunguka juu ya lori bovu saa nzima
kama kuku mwenye kifaranga mmoja.

Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya koroboi.
Nilipomwambia mama, aliangua kicheko:
"Kumbe tunasomea na kuulia kitu kimoja?"
Nilicheka naye. Usiku sikucheka.

Kazi yangu ni fupi kuieleza.
Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya kioo,
napachika roketi, tatu huku, tatu huku,
kisha nachomoa pini, moja moja,
kila moja na utepe wake mwekundu,
naziinua juu Luteni Baguma azihesabu.
Ananionyesha dole gumba.
Rafadha inakuwa duara, duara linakuwa hewa,
nami nabaki na pini sita mfukoni
zikigongana kila nipigapo hatua.

Msafara unatoka Karuma saa mbili.
Malori arobaini: mtama, sabuni, magodoro,
na katika la nne, juu ya vitunguu,
dada yangu Akiteng, kitambaa kichwani, vumbi kila mahali.
Anasema mlio ukisikika juu, abiria wanaanza tena kuongea.
Anasema pia kuwa kandokando ya njia,
kwa mlio ule ule,
watoto wanaingia mvunguni.

Hapo huwa sina la kumjibu.
Njia ya Pakwach ina nyasi ndefu kuliko mtu,
na ndani ya nyasi wamo wenye bunduki
na waliobebeshwa bunduki,
na ukiwa juu, utosi wa mtoto aliyetekwa shuleni
hauna alama.

Siku njema ni ile inaporudi na mzigo wake wote.
Pini sita, tundu sita.
Nashusha nilichopandisha, nakwenda kunywa chai.
Lori lilifika, vitunguu viliuzwa:
nani ataandika habari ya namna hiyo?

Juzi ilirudi nyepesi.
Niliijua hata kabla haijagusa ardhi,
ilivyoelea, ilivyokataa kushuka.
Reli ya kushoto ilikuwa na masizi.
Baguma hakutoka. Injini ilipoa, tik, tik,
naye bado amevaa helmeti.
"Nyasi zilitikisika," alisema.
Nilingoja. Hakuongeza.

Malori yalifika yote, arobaini kwa arobaini.
Akiteng aliwanunulia wanawe viatu,
akanipigia simu kunieleza rangi zake.

Pini mbili zilikosa tundu.
Kanuni inataka zirudi stoo, nitie sahihi.
Nilitia sahihi. Pini bado ninazo,
kwenye kopo la sukari, ambapo sukari iliisha.

Kuna jambo jingine, dogo.
Kiti cha mbele, kando ya saa ya mwinuko,
mwanafunzi mmoja wa zamani alikwaruza kwa msumari:
*Mwalimu, usiguse. Nimeshika mwenyewe.*
Baguma huyaona maneno hayo kila akiketi.
Nyuma yake, katika kiti cha mwalimu,
tumefunga dumu la maji na redio ya akiba.

Nimeomba rangi niyafute.
Stoo wanasema rangi itakuja na msafara.